Mikono ya Nili

Tsuwano, 8 Oktoba 2023

Chigusa mwanangu,

Asubuhi zimeanza kuuma, na magoti yangu yalijua kabla redio haijatangaza. Mengine ni mazima. Nimekutumia figili mbili kwenye sanduku hili. Usimgawie jirani yako, hizo za Osaka ni maji matupu. Mtungi wa tatu wa nili, rangi yetu ya buluu, umegoma kuumuka tangu Septemba. Nimeubembeleza kwa pumba na kikombe cha pombe ya mchele, bado umenuna.

Kumbukumbu ya baba yako tuliifanya tarehe moja. Mtawa alikuja na mafua, akasoma mbiombio kama anayekimbizwa. Mama yako alituma maua. Wewe ulisema kazi imekubana. Sawa, mdogo wangu alikuwa mwalimu, anajua kazi ni nini.

Lile gemu lenu limetuletea wageni. Wasichana wanakuja na treni, wanapiga picha samaki wa mtaroni, wanauliza, "Ngome ya Kurose iko wapi?" Nawajibu sijui Kurose yeyote, wanacheka. Nimewaambia majirani kuwa maneno ya gemu hilo ameandika mpwa wangu, ingawa mimi mwenyewe sijaliona. Bi Hatsue wa duka la soya anadai ni hadithi ya msichana wa watia rangi na askari maskini wa zama za mwisho za samurai. Nikamwambia Chigusa kalelewa kwenye harufu ya nili kila likizo, angeandika nini kingine?

Ila Jumanne alikuja mmoja wa peke yake. Hakupiga picha. Alinunua leso, kisha akasimama akiitazama mikono yangu kama daktari.

"Hiyo rangi haitoki, bibi?"

"Ikitoka itakuwa nimekufa," nikamwambia.

Akatabasamu, lakini macho yake yakajaa maji. Akainama mara tatu, akaondoka. Anaitwa Yuzuha Senba, anasoma Hiroshima. Amesema atarudi. Nimekueleza tu, maana siku hizi habari zangu ni chache.

Shangazi yako,
Tomie

*

Osaka, 17 Oktoba 2023

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Figili zimefika na sijamgawia mtu. Mama anakusalimu, mgongo wake umepata nafuu. Naomba radhi kwa tarehe moja. Tulikuwa tunamalizia sehemu mpya ya gemu na bosi hakutoa ruhusa kwa yeyote. Nilimwashia Baba ubani hapa chumbani.

Shangazi, kuhusu huyo msichana. Tafadhali usimkaribishe ndani. Wewe unaishi peke yako, na watu wa namna hiyo wanachagua wazee wanaoishi peke yao. Kwanza wananunua kitu kidogo, kisha wanalia, kisha wanakuwa wajukuu. Mwaka jana mama wa mfanyakazi mwenzangu alisainishwa nyumba yake na kijana aliyekuwa akimletea machungwa. Msichana wa miaka ishirini analilia mikono ya mtu asiyemjua? Mimi nimekaa na kazi ya kutunga machozi miaka kumi, Shangazi. Machozi ya haraka hivyo huwa yameandaliwa nyumbani.

Naomba uniandikie: amesema kwao ni wapi hasa? Alimtaja Baba? Aliuliza chochote kuhusu barua za zamani au vitu vya ghalani? Akija tena, mwambie duka limefungwa.

Na hilo gemu usijisumbue nalo. Ni la wasichana, refu, linachosha macho. Picha zimesimama, maneno ndiyo yanatembea, unachagua mwanamume wa kumpenda halafu unasoma saa arobaini. Utalala.

Jifunike vizuri.

Chigusa

*

Tsuwano, 6 Novemba 2023

Chigusa,

Majani ya mti mkubwa wa hekaluni yameisha kudondoka na Bi Hatsue ameteguka kifundo akiyafagia. Nimempelekea supu. Mtungi wa tatu hatimaye umetoa povu.

Yule msichana amekuja mara mbili zaidi. Sikumwambia duka limefungwa kwa sababu halikuwa limefungwa. Mara ya kwanza alileta ngisi mkavu kutoka Muroran, kule kaskazini kabisa, ndiko kwao. Mara ya pili ilinyesha, akanisaidia kuingiza vitambaa, akalowa mpaka mfupani. Nilimpa chai jikoni. Jikoni, Chigusa, si ghalani. Hajaomba kitu. Hajasainisha kitu. Nguo anakunja vibaya sana. Tapeli aliyefundishwa vizuri angejua kukunja.

Lakini sikufichi, ana jambo. Anaongea kama mtu anayepapasa njia gizani. Aliniuliza kama nimewahi kuondoka Tsuwano. Nikasema nimeenda Hiroshima kung'oa jino. Akauliza tena:

"Na Masuda, bibi? Uliwahi kwenda stesheni ya Masuda na mzigo?"

Nikamwaga chai, maana stesheni hiyo niliwahi kumsindikiza mtu asiyerudi. Nilimwuliza nani kamtuma. Akasema hajatumwa na mtu, akainama, akakimbilia basi.

Basi hapo ningekubaliana nawe kwamba anachunguza maisha ya watu. Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta namna ya kukusifu kwa akili yako. Kadiri ninavyoisoma ndivyo kitu kinavyonikwaruza. Umeuliza kama alisema habari za barua za zamani.

Mimi sikutaja barua. Yeye hakutaja barua. Ghalani kwangu hakuna barua yoyote, kuna mapipa na panya. Barua zipi, Chigusa?

Na mbona umeuliza kama alimtaja baba yako?

Tomie

*

Osaka, 4 Desemba 2023

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa baridi imeingia kwa fujo, na nusu ya ofisi inakohoa. Mama amenunua koti jipya la zambarau ambalo unapaswa kuliona ndipo uamini.

Kuhusu barua, nilisema tu kwa mazoea. Wageni wa gemu wanapenda vitu vya kale, na kuna wanaovinunua kwa wazee kwa bei ya kutupa. Baba nilimtaja kwa sababu matapeli husoma matangazo ya misiba. Hakuna zaidi.

Hilo swali la Masuda ndilo lililonitia hofu. Mtu anayejua stesheni ya jirani amefanya uchunguzi. Nimetafuta jina la Yuzuha Senba kila mahali na sikupata picha hata moja. Msichana wa siku hizi asiye na picha! Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo labda litakuudhi: nimempigia simu Bwana Ueki wa kituo cha polisi cha hapo kwenu, nikamwomba apite dukani siku moja moja na akimkuta amwulize kitambulisho. Ni kwa ajili yako tu.

Nakuomba kitu kimoja. Akikwambia hadithi yoyote kuhusu wewe, au kuhusu Baba, usiiamini mpaka nije. Nitakuja mwaka mpya. Au Februari.

Chigusa

*

Tsuwano, 19 Desemba 2023

Chigusa,

Theluji imefika. Mimi mzima. Mama yako mpe pole ya koti.

Ueki wako alikuja Jumamosi. Alikula keki zangu tano za maharage, akafungua ya sita, ndipo msichana akaingia. Basi akasimama na makombo kifuani, "Kitambulisho tafadhali." Mbele ya Bi Hatsue, mbele ya mtu wa posta. Mtoto wa watu alipapasa begi hadi kadi ikaanguka. Ueki akaisoma, akairudisha, akasema, "Ni mwanafunzi kweli, anasomea meno." Akachukua keki ya saba kwa ajili ya njiani.

Msichana akakaa kizingitini akalia, na safari hii hata wewe usingesema yameandaliwa. Nikamwambia, "Sasa useme. Umekuja mara nne. Unataka nini kwangu?"

Akatoa tableti kwenye begi. "Naomba tusome pamoja, bibi. Nikieleza kwa mdomo nitaharibu."

Tukasoma gemu lako kuanzia chakula cha mchana hadi taa za barabarani zikawashwa. Wewe ulisema ningelala.

Sikulala. Nilimwona O-Sen, binti wa mtia rangi, mwenye baba aliyepooza upande na mdogo wa kiume anayesoma vitabu juu ya paa. Niliona mtungi wenye ufa uliozibwa kwa lami. Huo ni mtungi wetu, sawa. Ulicheza hapo, nikakusamehe. Niliona askari Kurose anaondoka kwenda kaskazini akiahidi kuandika. Nikaisogeza tableti karibu. Kisha ikaja barua anayoiandika, ile ambayo mdogo wake O-Sen anaificha, na sauti ya yule mwigizaji wenu ikaisoma: "Njoo. Lete mikono yako ya nili kama ilivyo, usiisugue. Usipokuja nitajua, na sitakusumbua."

Yuzuha akazima sauti. Akasema, "Maneno hayo ni ya babu yangu. Nilikuwa nacheza kando ya kitanda chake hospitalini, akasikia, akaketi. Akaniambia, 'Hayo niliyaandika mimi, mwaka sabini na nne, kwa Tomie Iwane wa Tsuwano. Nani kayapata?' Akanituma? Hapana, hakunituma, bibi. Nilikuja mwenyewe nijue wewe ni mtu wa namna gani, mtu anayeuza barua ya mapenzi kwa kampuni."

Yaani miezi yote hiyo, wewe unamshuku yeye, yeye ananishuku mimi.

Nikamwambia sikuwahi kupata barua hiyo. Akanitazama. Nikarudia. Akafunga tableti, akaenda kupanda basi lake.

Babu yake ni Kiyoharu Todo. Hukuwahi kunisikia nikilitaja jina hilo, kwa sababu sikulitaja kwa mtu yeyote miaka hamsini.

Sasa nakuuliza. Mimi sikuipata. Yeye hakuitoa nakala. Iliingiaje kwenye gemu lako?

Tomie

*

Tsuwano, 20 Januari 2024

Chigusa,

Kadi yako ya mwaka mpya imefika. Ina joka zuri na maneno ya kiwandani. Nimeigeuza pande zote nikitafuta mwandiko wako, nimeona jina tu.

Mwaka mpya ulisema utakuja. Nilipika kwa watu wawili.

Mimi sina simu ya kukusumbua na masikio yangu hayasikii simu. Nina karatasi tu. Ukinyamaza mara hii nitamwandikia mama yako, nimwulize yeye. Nadhani hutaki hivyo.

Tomie

*

Osaka, 2 Februari 2024

Shangazi,

Usimwandikie Mama. Hajui lolote.

Nimeiweka barua yenyewe ndani ya bahasha hii, kwenye karatasi ya nta. Ni yako. Ilipaswa kukufikia tarehe ishirini na moja Machi 1974, muhuri unaonyesha. Niliipata wiki moja baada ya mazishi ya Baba, ndani ya kopo la chaki alilokuwa akilitunza kwenye meza yake. Ilikuwa imefunguliwa. Nyuma ya bahasha kuna maandishi yake ya penseli. Utayaona, lakini nayanakili, maana penseli imefifia.

"Nitampa nikimaliza mtihani."

Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mkubwa kidogo: "Nitampa nikipata kazi."

Kisha: "Chigusa akizaliwa salama, nitampa."

Na la mwisho, mkono ukiwa umeanza kutetemeka: "Sasa itakuwa ukatili."

Unajua kuliko mimi nyumba ilikuwaje mwaka ule. Babu amepooza upande mmoja, Bibi ameshafariki, Baba ana miaka kumi na saba na mtihani wa chuo mwakani. Kama ungepanda treni ya kumfuata mwenye barua Masuda, kama anavyokuomba, Baba angeshika mitungi. Asingekwenda Osaka, asingekutana na Mama. Shangazi, mimi nimesimama juu ya barua hiyo. Kila nilipotaka kukuletea nilihisi nataka kuivuta sakafu niliyosimama.

Na nilimpenda Baba. Watu mia tatu walikuja kumzika, wanafunzi wake wenye mvi. Sikutaka mtu pekee aliyemlisha ajue kwamba alimwibia.

Kwa nini basi niliiweka kwenye gemu? Nimejiuliza wiki sita, ndiyo maana nilinyamaza. Nilitakiwa kutoa hadithi ya mwanamume wa nne, sikuwa na kitu kichwani, na barua ilikuwa kwenye begi langu. Nilijidanganya kwamba nikiyasomesha maneno yale kwa watu laki mbili, itakuwa kama nimeyafikisha. Nilibadilisha treni ikawa mashua, stesheni ikawa daraja. Mikono sikuweza kuibadilisha. Na mwisho nilimwacha O-Sen afe thelujini akimsubiri Kurose, kwa sababu alipokuwa hai sikujua nimtazame vipi usoni. Wasomaji walilia sana. Nilipandishwa cheo.

Ulipoandika habari za yule msichana sikuogopa tapeli, au niliogopa siku mbili tu. Baada ya hapo niliogopa kwamba si tapeli. Bwana Ueki nilimtuma nikijua hivyo. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko yote.

Sikuombi unisamehe kwa njia ya barua.

Chigusa

*

Tsuwano, 14 Aprili 2024

Chigusa,

Mitungi yote minne imeamka kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu uwe shule ya msingi. Kifundo cha Bi Hatsue kimepona na ulimi wake haukuwahi kuumwa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwepo. Nilipanda ndege. Mimi! Yuzuha alinishika mkono tulipopaa, nikamminya hadi kesho yake alikuwa na alama.

Kwanza nikwambie, barua niliisoma mara moja. Sikulia. Nilianza kwa kukasirikia mwandiko wake, mbaya kama wa kuku. Halafu nikasoma penseli ya mdogo wangu Yasuhide. Hapo ndipo nilipolazimika kukaa chini.

Siku zile nilidhani Kiyoharu kanitupa. Alikuwa mchochea makaa kwenye treni ya moshi. Treni za moshi zilipoondolewa akakosa kazi, akaenda Muroran kwenye tanuri za chuma, akasema nitakuandikia. Mwezi ukapita, miwili. Nilijiambia, haya, mwanamume ni mwanamume. Tangu hapo kila aliyenichekea nilitafuta alichoficha nyuma ya meno. Nilikataa posa mbili. Moja ilikuwa ya mtu mwema. Nimeishi kama mtu anayekagua sarafu kwa kuiuma.

Yasuhide ndiye alikuwa akipokea barua kwa mtu wa posta, akitoka shule. Sikumshuku hata siku moja. Huyo peke yake ndiye sikumshuku.

Kiyoharu nimemkuta nyumbani kwa binti yake, ametoka hospitali, moyo unamsumbua. Amekuwa mfupi. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Picha yake iko ukutani, mwanamke mwenye uso wa kucheka. Niliinamia picha kwanza, ndipo nikamgeukia yeye. Alikuwa ameandaa la kusema, nikaona midomo inafanya mazoezi. Nikamwahi.

"Ulitoka Muroran hadi Masuda, siku mbili za treni, ukashindwa kilomita thelathini za kufika Tsuwano?"

Binti yake akatoka chumbani polepole.

"Nilisubiri treni zote za siku ile," akasema. "Ya mwisho ilipofika tupu nikanunua tiketi ya kurudi."

"Treni ya kuja kwangu ilikuwa ng'ambo ya pili ya jukwaa!"

"Niliandika kwamba sitakusumbua."

"Na nani alikwambia utimize ahadi hiyo? Ungeandika mara ya pili!"

"Na wewe?" akasema, naye amepandisha sauti. "Mama yangu aliishi mitaa miwili kutoka kwenu hadi mwaka sabini na tisa. Ungemwuliza tu, 'Kiyoharu yuko wapi?' Maneno matatu, Tomie."

Ni kweli. Nilipita mbele ya mlango wa mama yake kila siku na kichwa juu. Nilimpita hata alipokuwa anafagia. Kwa hiyo tukakaa hivyo, wazee wawili wenye kiburi, na mdogo wangu katikati yetu, ambaye alificha karatasi moja tu. Zilizobaki tulizificha wenyewe.

Baadaye alicheka. Alisema mjukuu wake alimsomea mwisho wa gemu, ule wa theluji, akaumia roho: "Huyo mwandishi wenu amekuua, halafu akaniacha mimi nikupigie kelele darajani kama mwehu. Mimi nilirudi kazini Jumatatu." Alisema alikasirika miaka miwili, kisha akakutana na mkewe kwenye foleni ya daktari wa meno, na akawa na maisha mazuri. Aliniambia hivyo bila kuona haya na nilishukuru. Sikwenda kule kuchukua mume. Nilitaka kujua tu kama nilitupwa. Sikutupwa. Unajua, Chigusa, mtu anaweza kulijua hilo akiwa na miaka sabini na mbili na bado likamshibisha.

Nilikaa siku tano. Tulikula mishikaki ya nguruwe, tukagombana kuhusu jina la dereva fulani wa zamani. Ataandika. Nimemwambia aandike kwa herufi kubwa.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba kama ningepanda treni ile usingezaliwa. Mzani huo usiniwekee mbele, ukiwa umekaa upande mmoja na unanitazama. Mimi sitakupima. Upo, na nilikufundisha kutembea kwenye ukumbi huu. Lakini kuzaliwa hukukufanya. Kuficha ulifanya, na ulikuwa mtu mzima, na ulinijua. Baba yako alikuwa mtoto mwenye mtihani. Wewe ulikuwa na cheo cha kupata. Nimeikasirikia sana ile sentensi ya kupandishwa cheo, na nimeiheshimu kwa sababu uliiandika.

Usiniandikie tena kuhusu jambo hili. Njoo Mei, useme kwa mdomo, nikuone uso. Usilete zawadi. Yuzuha atakuwepo, na utamwomba radhi yeye kabla yangu. Ueki pia utampelekea keki na kumwambia asije.

Kama mabosi wako watakubali kuongeza mwisho mwingine, msinioze. Mwacheni O-Sen hai, azeeke akitia rangi, awe mkali. Watakaoboreka waboreke.

Kuhusu mdogo wangu. Miaka miwili na nusu nimeweka wali wa moto mbele ya picha yake kila asubuhi, kijiko cha kwanza kutoka kwenye sufuria, kabla sijala mimi. Barua ilipofika niliacha. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikapita mbele ya madhabahu yake ya humu ndani kama nilivyokuwa nikimpita mama yake Kiyoharu. Niliporudi kutoka Muroran nilifungua milango ya madhabahu, nikamtazama vizuri. Ana sura ya mwalimu, amevaa tai niliyomtilia rangi mimi. Nikamwambia mambo ambayo Bi Hatsue lazima aliyasikia, maana aliacha kufagia.

Asubuhi iliyofuata nilimwekea wali. Wa jana, wa baridi, umeganda pembeni. Ataula huo huo mpaka nitakapoamua vingine.

Shangazi yako,
Tomie